Siku ya kupiga utupa

Saa 12 asubuhi. Nashuka shambani na tenga tu, bomba la kunyunyizia nimeliacha nyumbani. Leo napiga dawa ya utupa, mmea ambao majani yake ni sumu kwa wadudu, kwa hiyo sukuma wiki ya kuuza inachumwa kwanza. Kila jani naligeuza. Tuta la tatu, vidukari wamejaa chini ya majani, wa kijivu kama waliomwagiwa majivu. Tuta la tano nako wapo, ila wengi wamevimba na kukauka, rangi ya kahawia. Hao wametagiwa mayai na nyigu mdogo sana, wameshaliwa kwa ndani. Tuta hilo siligusi. Nyigu ananifanyia kazi bure.

Saa 3. Mama wa sokoni amechukua mafungu yake. Kivulini kuna ndoo niliyoroweka jana jioni: kilo moja ya unga wa majani ya utupa, maji lita 10, na kipande kidogo cha sabuni ya kufulia. Sabuni wengi wanaiona urembo. Sumu ya utupa haitoki vizuri kwenye maji matupu. Bila sabuni unanyunyiza chai.

Saa 4. Natwanga mbegu za mwarobaini kwa ajili ya viwavi wa kabichi. Gramu 50 kwa lita, kwa hiyo bomba la lita 15 linakula gramu 750. Mikono inauma, na hizi zitalala kwenye maji hadi kesho.

Saa 7 mchana. Jirani ananichungulia akiwa na chupa yake ya dukani.

“Mangi, bado tu na majani yako?”

“Bado, mzee.”

“Mimi nikipiga asubuhi, mchana wamekufa.”

Kweli. Mwarobaini hauendi hivyo: kiwavi anaacha kula, anashindwa kujivua gamba, anafifia siku kadhaa. Mwaka wa kwanza nilikata tamaa siku ya pili, nikadhani nimetwanga bure.

Saa 10. Kuchuja utupa, mara mbili, kwa kitambaa cha khanga kuukuu. Niliwahi kuchuja mara moja nikashinda nafungua pua ya bomba kwa mwiba.

Saa 11 jioni. Jua limelegea, nyuki wamepungua. Jua kali linaiharibu dawa hii upesi, ndiyo maana hata majani yake nayaanika kivulini. Navaa glovu na barakoa, naelekeza pua chini ya majani, wanakokaa wenyewe. Ukinyunyiza juu umewaogesha majirani zao.

Saa 12 na nusu. Naosha bomba mbali na mfereji. Wazee walitwanga utupa kuvulia samaki mtoni, na huko chini kuna mtu ana bwawa la perege.

Saa 2 usiku. Mama Neema ananipakulia.

“Wamekufa?”

“Keshokutwa nitageuza majani.”