Kitabu cha kiangazi si setibuku

Mdogo wangu unayejiandaa kuja kusoma Marekani Agosti hii, ukipata barua pepe ya kitabu usiipuuze. Najua akili yako yote iko Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi, kwa ajili ya mahojiano ya viza, na karo bado haijatimia. Lakini vyuo vingi huku huchagua kitabu kimoja cha kusoma likizo ya kiangazi, ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatakiwa awe amekisoma kabla ya kuripoti. Mkifika, mnagawanywa vikundi na kukijadili.

Huku hawakisomi kama tulivyosoma setibuku, vile vitabu teule vya mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari. Hakuna atakayekuuliza maudhui wala sifa za mhusika mkuu. Nimekaa katika vikundi hivi nikiwa mgeni, na baadaye nikiwa msaidizi wa mhadhiri. Viti vimepangwa duara, mhadhiri kanyamaza, kijana mmoja anasema waziwazi kwamba kitabu hakikumpendeza. Mhadhiri hakasiriki. Anamwambia, "Tuonyeshe ni ukurasa gani," na wote wanaanza kufunua. Wenzetu kutoka nyumbani hukaa kimya wakingoja kuulizwa, na hawaulizwi. Inaniuma sana, maana mara nyingi wao ndio waliosoma kwa makini kuliko wote.

Tena kupewa kitabu si kuamriwa kukikubali. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kiliwapa wanafunzi wapya kitabu cha Michael Sells chenye tafsiri na ufafanuzi wa sura za Qur'ani zilizoteremshwa mwanzoni, nyingi zikiwa zile fupi ambazo mtoto wa Lamu huzihifadhi madrasa kabla hajajua kuandika vizuri. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu mashambulizi ya Septemba 11. Kikundi cha Wakristo wahafidhina kilikwenda mahakamani kikidai kwamba chuo cha umma kinaeneza dini. Mahakama ilikataa kuzuia mijadala, na asiyetaka kusoma aliruhusiwa kuandika ukurasa mmoja akieleza sababu zake. Hebu fikiria umekaa katika duara lile, sura ya Al-Qari'a unaijua kwa moyo tangu utotoni, na jirani yako ndiyo kwanza anaisikia. Una la kusema ambalo pengine hata mhadhiri hana.

Na si huko tu walikochagua kitabu tunachokijua nyumbani. Cornell mwaka 2005 walichagua riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ile tuliyo nayo kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo.

Kwa hiyo soma na penseli mkononi. Andika pembeni: hapa sikubaliani, hapa kwetu ni tofauti, hapa sijaelewa. Mambo mawili matatu yanatosha. Kama chuo kinasambaza nakala kwa posta, usingoje kifurushi kivuke bahari. Waandikie uombe nakala ya kielektroniki, hawaoni taabu. Mambo ya viza yakikubana, viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inakuruhusu kuingia mapema, siku zisizozidi 30 kabla ya masomo kuanza, na ukifika mapema utakisomea maktaba ya chuo.

Siku ya mjadala, toa hoja yako moja mapema, hata kama sauti inatetemeka na lafudhi inasikika. Waliozoea kubishana darasani tangu shule ya msingi wakishashika zamu, kipindi kitaisha hujafungua mdomo. Taja ukurasa, soma sentensi yenyewe, kisha sema unavyoona wewe.