Alhamisi yangu Borough Park: wanaulizia jina la mama

Saa kumi na moja alfajiri natoka Bronx. Nikipanda treni ya D sibadilishi popote mpaka Borough Park, mtaa wa Wayahudi huko Brooklyn, New York, kwa hiyo usingizi naumalizia humo.

Saa moja na nusu nimeshamwogesha bibi ninayemhudumia, mumewe anarudi kutoka sinagogi. "Umetajwa," anamwambia. Torati husomwa Jumatatu, Alhamisi na Sabato, na hapo wagonjwa huombewa mmoja mmoja kwa dua ya Mi Sheberakh. Anatajwa mgonjwa na mama yake, si baba. Wiki yangu ya kwanza niliombwa kuandika kikaratasi cha kupeleka. Nikanakili jina la baba kutoka kadi ya hospitali. Babu akakirudisha.

Kabla ya saa tatu haji mgeni. Wanasema ni mafunzo ya Talmud, kitabu chao cha sheria na mafundisho ya wahenga: saa tatu za kwanza za mchana mgonjwa huonekana ana nafuu, utasahau kumwombea, saa tatu za mwisho huonekana amezidiwa, utakata tamaa. Na saa zenyewe zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, kama zetu. Sikuhitaji kufafanuliwa.

Saa nne wanaingia majirani wawili na supu ya kuku. Hawakai kitandani, wanavuta viti vifupi, maana Mungu yuko juu ya kichwa cha mgonjwa. Bibi anawatania: kila mgeni huondoa sehemu moja ya sitini ya maradhi, basi leteni wengine hamsini na wanane nipone! Hesabu haiendi hivyo, babu anadakia, kila mmoja huondoa katika kilichobaki. Nilipiga hesabu kwenye simu: baada ya wageni sitini, zaidi ya theluthi bado ipo. Wakiondoka wanasema "refua shlema", upone kabisa. Hiyo shlema ni ndugu wa salama yetu.

Saa sita tunapelekwa kliniki Manhattan na dereva wa kujitolea, hataki hata senti. Hospitali ina chumba cha bikur cholim, yaani kuwazuru wagonjwa: kahawa, chakula cha kosher (halali kwa Wayahudi), vitabu vya Zaburi, sofa ya kujinyoosha. Hapo ndipo huwa nakumbuka wodi za kwetu, ndugu wa mgonjwa wamelala kwenye kanga chini ya mwembe.

Kusubiri daktari ni kusubiri tu. Saa tisa bibi ananiuliza habari za mama yangu, sukari imemsumbua tangu Ramadhani. Anaitwa nani? Namtajia. Binti wa nani? Hapo nikakwama. Nyanya yetu tulimwita Bi Mkubwa, basi.

Nikampigia dada Mombasa, kule saa nne usiku.

"Jina la nyanya? La nini?"

"La kuombewa mama."

"We! Umepata mganga wa kukupigia falaki huko huko Marekani?"

Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kweli, kwetu anayeuliza jina la mama yako ni yule wa kutazama nyota.

Jina likapatikana. Bibi akanitaka nilitamke polepole, mara mbili, akaliandika ndani ya jalada la Zaburi yake, kutoka kulia kwenda kushoto, kama Bi Mkubwa alivyokuwa akiandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kisha akaanza kusoma ile ya 121, midomo ikicheza bila sauti, tukaitwa kwa daktari naye hajamaliza.