Shangazi alikuwa dume

Kwa miezi 14 samaki wangu mmoja nilimwita Shangazi. Alikuwa mnene kuliko majike wenzake, rangi ya kijivu iliyochanganyika na njano, mpole, anashinda nyuma ya chujio na kutoka wakati wa chakula tu. Watoto wakiletwa kupimwa sare za shule, hata kabla sijashika futi, walikuwa wanakimbilia tangini kumtafuta Shangazi amejificha wapi leo.

Tangi langu liko ndani ya kibanda changu cha ushonaji hapa Kirumba, Mwanza, mkono wa kushoto wa cherehani. Ni la lita 200. Waliomo ni furu, wale wanaoishi kwenye majabali ya ziwa, ukoo mmoja na sato. Aliniletea mzee mmoja mvuvi wa Igombe ambaye namshonea suruali. Siku hiyo alikuja na ndoo, ndani samaki sita: mmoja mgongo mwekundu kama pilipili, watano wa kijivu.

"Shikamoo babu. Huyu mwekundu ndiye dume?"

"Marahaba mwanangu. Mie hao wote nawajua furu tu. Tunawatia kwenye ndoana, sangara anawapenda."

Wataalamu wanamwita Pundamilia nyererei. Pundamilia kwa ile mistari yake iliyosimama ubavuni, na nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Hilo la nyererei alipewa mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi, baada ya kumkuta hapa hapa Ghuba ya Mwanza. Nilipolijua hilo nilifurahi siku nzima. Basi yule mwekundu akawa Mwalimu, na wale watano nikawahesabu majike. Mmoja ana rangi, wengine hawana. Sikuona cha kuuliza tena.

Mwezi wa saba umeme ulikatika usiku, pampu ikazima. Nikafunua mfuniko ili maji yapate hewa, usingizi ukanichukua. Asubuhi nilimkuta Mwalimu sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, ameshakauka. Furu huruka, nami nilikuwa nalijua hilo. Nilimzika chini ya mpapai na siku ile sikushona kitu.

Mchana wa siku hiyo hiyo Shangazi alitoka nyuma ya chujio akaja kukaa katikati ya tangi, juu ya lile jiwe bapa la Mwalimu. Hakuwahi kuthubutu. Kufika jioni mistari yake ilikuwa imekolea, na yale mapezi mawili ya chini ya kifua yamekuwa meusi tii. Baada ya siku tatu nne nikaona wekundu unaanza kwenye ukingo wa pezi la mgongo, kama wino unaopanda kwenye kitambaa kilicholowa. Wiki mbili hazijaisha, nilikuwa na dume jekundu kuliko hata Mwalimu.

Hakugeuka. Alikuwa dume tangu siku ya ndoo. Kwa samaki hawa rangi ni vazi la cheo: dume aliyeshindwa hulivua, akavaa kijivu kama majike ili asipigwe. Kuna ndugu yake wa Ziwa Tanganyika, anaitwa Astatotilapia burtoni, ambaye mtafiti Russell Fernald na wenzake wamemchunguza kwa miaka mingi sana. Kwa huyo, mbabe akiondolewa, dume mnyonge huanza kuvaa rangi ndani ya dakika chache. Mwili unakuwa tayari, unangoja nafasi tu.

Nikarudi nyuma kuyapitia yote niliyoyaona nisiyaelewe. Katika miezi 14 majike watatu walikuwa wamebeba mayai mdomoni, wengine mara mbili. Shangazi hata mara moja. Jike wa furu akitaga huyaokota mayai na kuyatunza kinywani kwa karibu wiki tatu bila kula. Kidevu kinashuka na kuvimba, na ukimsogelea kwenye kioo unaona taya linatembea polepole kama mtu anayegeuza tende mdomoni; anayageuza mayai yapate hewa. Shangazi alikuwa halali njaa siku hata moja. Hiyo peke yake ingetosha kuniambia, kama ningekuwa naandika. Sasa ninaandika, kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma.

Alama ya pili ni zile doa za mayai. Pezi la chini karibu na mkia lina vidoa vya duara, rangi ya chungwa, mfano halisi wa yai. Mjerumani Wolfgang Wickler aliandika mwaka 1962 kwamba ni mayai ya kuigiza: dume hulitandaza pezi chini mbele ya jike huku anatetemeka, jike ambaye ameshayaokota mayai yake anadhani amebakiza, anakwenda kudonoa, na hapo anapata mbegu kinywani. Nimeliona kwa macho yangu, Jumapili moja, wamezunguka juu ya jiwe bapa zaidi ya nusu saa. Lakini msidanganyike na wale wanaosema "mwenye madoa ni dume". Majike wangu wawili wanayo pia, madogo na yaliyopauka. Ya dume ni makubwa, yamekolea, na yana ukingo safi.

Sehemu ninayoiamini kuliko zote ni chini ya tumbo. Zamani nilikuwa namtoa samaki kwa wavu na kumpindua kwenye kiganja kilicholowa, nikawa naumia mimi kuliko yeye. Siku hizi namweka kwenye chombo chembamba cha kioo chenye maji ya tangi, nampiga picha kwa simu kutokea chini, namrudisha. Dakika haiishi. Ukiikuza picha unaona matundu mawili: la mbele ni la haja, la nyuma, upande wa mkia, ndilo la uzazi. Kwa jike hilo la nyuma ni pana kuliko la mbele, hasa anapokaribia kutaga. Kwa dume yote mawili ni madogo, yanakaribia kulingana. Samaki akiwa chini ya sentimita tano usijisumbue, utaona unachotaka kuona.

Na kabla ya yote, angalieni taa. Mshonaji yeyote anajua: mteja makini hachagui kitenge ndani ya duka, anakitoa mlangoni akione juani. Mimi nilikuwa nimefunga balbu ya njano juu ya tangi, na chini ya mwanga ule wekundu unaoanza na kahawia ni kitu kimoja. Samaki wenyewe hupata tabu hiyo. Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1997 kuhusu ziwa letu hili: maji yakichafuka, mwanga ukapungua, majike hawatofautishi tena madume wekundu wa nyererei na ndugu zao wa bluu, na aina za samaki huanza kuchanganyika. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapoona povu la kijani ufukweni, na linaniuma. Nilibadilisha balbu, nikaweka nyeupe.

Rafiki yangu mmoja wa Kigoma anafuga Tropheus, samaki wa Ziwa Tanganyika, na kwake rangi haisaidii kabisa, dume na jike ni sare. Bila kutazama tumboni huna jibu. Kwa samaki wa Ziwa Nyasa anayeitwa kenyi mambo yamepinduka: dume ni wa njano, jike ndiye wa bluu. Hapo mimi ningekuwa na Shangazi wengine watano.

Nilishawahi pia kununua sikilidi (ndio ukoo wa furu na sato) wadogo saba dukani, wote wanang'aa bluu, nikaambiwa wote madume. Baada ya miezi miwili wanne walififia kabisa, na mmoja wao akabeba mayai. Wapo wanaowalisha samaki homoni ili hata majike wavae rangi za madume sokoni. Kumfanyia hivyo kiumbe ili auzike haraka ni dhuluma. Ukiona kundi zima la vijana lina rangi kali, uliza, na jibu lisipoeleweka ondoka.

Jina la Shangazi sijalibadilisha, watoto walikataa. Watoto wake yeye mwenyewe sasa ni 11, wamefika sentimita sita. Katika daftari nimeandika madume wawili, majike sita, na watatu alama ya kuuliza. Tangu juzi mmoja wa hao watatu hali chakula. Amekaa kwenye kona, kichwa ameelekeza chini kidogo, kidevu kimejaa. Nimetundika khanga upande ule wa kioo ili wateja wasimtishe.