Usiku mjomba aliponihesabia taa za dagaa

Hii ilikuwa Julai 2017, nimerudi Kigoma likizo, nyumbani Bangwe, nina laptopu imejaa picha za seli na deni la ripoti kwa supavaiza kule nilikokuwa nasoma. Kazi yenyewe kuielezea ni rahisi: unazipa seli hai chembe za plastiki zenye rangi inayong'aa, upana nanomita 100, yaani uzipange elfu kumi ndo upate milimita moja, halafu unaingia kwenye maikroskopu unahesabu kila seli imemeza ngapi. Sio wastani wa mamilioni ya seli, hapana, moja moja.

Na nilijiona mjanja kwa sababu mtego wa kwanza nilishauruka. Chembe hizi zinapenda kunata nje ya seli, asiyejua anahesabu kwamba zimeingia, kwahiyo nilikuwa na sahani nyingine ya seli niliiweka kwenye barafu, nyuzi 4, maana kwenye baridi hiyo seli hazimezi, ukiona doti ya mwanga hapo ujue ni chembe imenata tu, unaitoa kwenye hesabu. Safi kabisa. Sasa nilipoongeza dozi mara kumi, doti kwa kila seli hazikufika hata mara mbili, nami nikaandika bila wasiwasi kwamba seli zimeshiba.

Umeme ukakatika, betri asilimia 9, nikatoka barazani. Mjomba alikuwa pale, injini ya boti yake iko kwa fundi, amekaa anaangalia wenzake wanavua na yeye hayupo, roho inamuuma waziwazi. Mwezi hakuna, ziwa jeusi tii, taa za dagaa zimetapakaa mpaka kule upande wa Kongo. Nikaanza kuhesabu, kwa mazoea tu.

"Kumi na tisa," nikasema.

"Ishirini na mbili, mjomba."

Nikarudia. Kumi na tisa.

Akaninyooshea kidole. "Ile pale unaona ni moja? Boti gani ina mwanga mkali hivyo? Hizo ni mbili zimesogeleana. Subiri."

Tukasubiri, dakika kumi labda, mama mkubwa akatuletea ugali wa muhogo na dagaa wa mawese tukawa tunakula gizani, na kweli ile taa ikaanza kurefuka pembeni halafu ikaachana, zikawa mbili. Tonge liliniganda mkononi. Maana seli ikimeza chembe inazifunga kwenye vifuko, vifuko navyo vinaungana, chembe kumi zinaweza kukaa kifuko kimoja, na maikroskopu ya kawaida haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, kwahiyo kumi zote mimi naziona doti moja! Na picha zangu ni za mnato, hazisogei hata nikisubiri mpaka kesho.

Ila mjomba hakuanza na kusubiri, alianza na ukali wa mwanga. Umeme uliporudi saa saba nikafungua zile picha za chembe moja moja zilizonata kwenye kioo kitupu, nikapima moja inang'aa kiasi gani, kisha mwanga wa kila doti ndani ya seli nikaugawa kwa hiyo. Doti zenye chembe nane, kumi na mbili, zilikuwa zimejaa. Grafu ikapanda juu tu, kushiba hakuna. Nikafuta ile sentensi.

Kesho yake injini ikapona, mjomba akaingia ziwani, na mimi usiku nikakaa barazani na daftari kabisa, safari hii naangalia na ukali wa mwanga. Nikapata ishirini na sita. Asubuhi kaja na ndoo ya dagaa, nikamtajia kabla hata hajakaa.

Akacheka. "Na sisi umetuhesabu?"

"Wote mjomba."

"Taa zetu ziligoma toka saa nne. Tulikuwa pale pale, gizani."

Nikachukua ndoo nikaingia nayo ndani, nikafungua tena laptopu.