Nilivyohama kwa baba nikiwa na miaka 16, kwa amri ya mahakama

Wadogo zangu wananiuliza sana kama mtoto anaweza kuhama kwa mzazi kisheria na kujitegemea. Kwa Tanzania, hakuna hakimu atakayekutangaza kuwa unajitegemea ukapange chumba chako ukiwa na miaka 16. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuhesabu mtoto mpaka utimize 18. Kinachowezekana ni kubadilisha anayekulea.

Baba alinitoa shule nikiwa kidato cha tatu ili nimuuzie dukani. Nikihoji, nachapwa. Mama alikuwa ameshafariki. Mama mdogo alitaka kunichukua ila aliogopa kuambiwa ameiba mtoto wa watu.

Nikapiga 116, simu ya mtoto, ambayo ni bure. Wakaniunganisha na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yetu. Yule dada hakuanza na "ulimkosea nini baba yako". Aliomba aone madaftari yangu. Nyuma ya daftari la Baiolojia nilikuwa naandika mauzo ya duka: sukari nusu, mafuta ya taa, saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne. Alilipitia kurasa kwa kurasa, akapiga picha. Ndipo nikajua nimeaminiwa.

Ustawi wakaniruhusu nikae kwa mama mdogo kwa muda, naye ndiye aliyefungua maombi mahakama ya watoto, maana kifungu cha 37 cha Sheria ya Mtoto kinampa nafasi ndugu anayemlea mtoto. Afisa akaenda kwa baba, shuleni na kwa mwenyekiti wa mtaa, akaandika taarifa ya uchunguzi.

Kesi inasikilizwa faragha, na kwangu hilo lilikuwa nafuu kubwa. Mjue kwamba sheria inapendelea mtoto abaki kwa wazazi, isipokuwa haki zake zinavunjwa mara kwa mara. Maoni yako yanazingatiwa, mradi hukulishwa maneno. Kwa hiyo afisa alipokuwa ananihoji, mama mdogo alitakiwa asubiri nje. Nilisema nataka kusoma, na kwamba baba bado nampenda. Yote mawili yalikuwa kweli.

Amri ilitoka: nikae kwa mama mdogo, nirudi shule, baba achangie matunzo na awe huru kunitembelea. Alikuja, ingawa si mapema.

Usiye na ndugu, waulize ustawi kuhusu malezi ya kambo, yaani kulelewa na familia nyingine isiyo yako. Na kama unaumizwa leo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi leo hii hii.