Jina Birtwistle limenikaa kichwani

Jamani hili jina la ukoo Birtwistle limenikaa kichwani wiki nzima, nimelikuta kwa Harrison Birtwistle, yule mtunzi wa muziki aliyezaliwa Accrington mwaka 1934, nikaanza kufukua limetoka wapi, kumbe ni mahali pa zamani karibu na Hapton, hukohuko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Ile twistle ya mwisho inatokana na twisla, yaani kwa Kiingereza cha kale panda ya mto, pale mito miwili inapokutana, afu huku mwanzo wa jina ni ndege, makinda hasa, yaani mtu anaitwa panda ya mto yenye makinda, we acha tu, limenigusa sana! Na jirani kuna Oswaldtwistle, kuna Entwistle pia, na hao kina Entwistle mnawajua, si John yule mpiga besi wa bendi ya roki ya The Who.