Jinsi Kusadikika ilivyoingia kwenye simu ya mpwa wangu

Mpwa wangu alikuja kuishi nami hapa Tanga akiwa kidato cha tatu, na begi moja la nguo na simu iliyopasuka kioo pembeni. Usiku mwanga wa ile simu ulionekana chini ya mlango wake mpaka saa saba. Nikajua ni mambo ya mvulana tu. Siku moja nikaingia bila hodi, nikamkuta analia.

"Wamemfukuza, mamdogo."

Nani? Msichana wa kazi, wa kwenye simulizi ya WhatsApp. Sehemu ya 41.

Nilikasirika sana. Mimi nimekua na vitabu vya Shaaban Robert. Machui, alikozaliwa mwaka 1909, ni hapa karibu tu, na nyumbani kwetu alitajwa kama mtu wa ukoo. Baba alikifunga kitabu chake cha Kusadikika kwa karatasi ya kaki na hakutaka mtu akunje hata ukurasa. Leo mtoto wa dada yangu analilia hadithi isiyo na nukta wala mkato, na kile kitabu kiko kabatini! Nikaweka sharti: kurasa kumi za Kusadikika kila siku, ndipo simu ishikwe.

Siku ya tano nikamuuliza amefika wapi. Akanijibu kama yuko kwenye chumba cha mtihani: "Dhamira kuu ni uongozi mbaya. Karama ni mhusika mkuu, ni jasiri na mtetezi wa haki." Karama kafanya nini? Hajui. Tukaongea, nikagundua kwamba shuleni alikotoka walikuwa wakipewa noti za uchambuzi. Dhamira, wahusika, mandhari, falsafa ya mwandishi, vyote vimeshachapwa, wao kazi yao kukariri. Vitabu vyenyewe hakuwahi kuvishika. Kwa hiyo kurasa zangu kumi alikuwa anazipitisha macho huku akitafuta yale majibu aliyokwisha kukariri. Hasira yangu ikahamia kwingine. Nilikuwa namlaumu mtoto kwa kukataa hadithi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumsimulia.

Sharti nikaliondoa, nikamwomba anionyeshe simulizi yake. Mwandishi anatoza shilingi 1,000. Nikamtumia kwa simu, nikaingizwa kwenye kundi, nikasoma mpaka saa nane usiku. Tahajia mbovu, na kuna mhusika anabadilika jina katikati. Lakini kila sehemu inaanza na jambo linalochemka na inakatika roho ikiwa juu. Tena inasema mambo ambayo vitabu vya baba havikuyasema: msichana aliyenunuliwa simu na dereva wa bodaboda kisha akadaiwa malipo mengine, baba wa kambo anayewahi kurudi siku ambayo mama yuko sokoni. Nikaelewa mtoto alikuwa analilia nini. Tulizungumza siku zilizofuata, na hayo yanabaki kati yetu.

Wazo lilinijia niko kwenye cherehani. Mbona Kusadikika nayo ni ya vipande! Waziri Majivuno anamshtaki Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Karama, katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo: wanne pande nne za dunia, wa tano mbinguni, wa sita ardhini. Kila mmoja anataabika njiani, anarudi na habari za kuifaa nchi yake, anatupwa gerezani. Mwandishi alikwisha kutukatia sehemu zetu tangu mwaka 1951.

Nikaanza kumtumia ujumbe wa sauti kila jioni baada ya kufunga kazi. Nilikuwa najifunika khanga mbili kichwani ili redio ya jirani isiingie. Kabla ya kurekodi nasoma kimya mara mbili, kwa sababu sentensi zile ni ndefu na ukikosea pa kuvuta pumzi maana inapotea. Dakika saba, nane ikizidi sana. Maelezo ya mwanzo juu ya nchi inayoelea angani niliyaruka, nikaanzia mshtakiwa akiwa kasimama. Maneno sikubadilisha hata moja. Mara ya kwanza nilikuwa nasimama kufafanua msamiati, akaniambia, "Mamdogo, ukieleza unaiua." Nikaacha. Ajabu ni kwamba maneno yaliyomshinda kwenye karatasi aliyaelewa alipoyasikia. Kiswahili kile kiliandikwa na mshairi, kinataka sikio kwanza.

Mjumbe wa kwanza nilimkatia mlangoni mwa gereza. Asubuhi, chai haijamiminwa: "Kwani wamemfunga kwa kosa gani?" Nikamwambia asubiri jioni. Kufika mjumbe wa tatu alikuwa anawatumia wenzake, na wasikilizaji walifika kumi na mmoja.

Kwa mjumbe wa nne alikuja mwenyewe kwenye cherehani. "Mamdogo, hii si nchi ya angani. Hii ni serikali ya Mwingereza."

Nikamwambia Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani katika serikali hiyohiyo, na aliwahi kufanya kazi ya forodha Pangani.

Akanyamaza. "Na hawakumfunga?"

Usiku ule alilitoa lile kaki kabatini. Mjumbe wa tano na wa sita hakunisubiri.

Si wote waliofuata. Watano walijitoa kimyakimya, na si kila kitabu kinakubali njia hii. Riwaya ya Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, nilihangaika nayo wiki nzima nisione pa kukata, nikairudisha mahali pake. Ile ni ya msomaji aliyekomaa na peke yake. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, kinyume chake, haikuhitaji sauti yangu. Walikuwa wameisikia filamu yake ya mwaka 2021, na Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa Bwana Raza mtu mzima, walimpokea kama mwenzao wa darasani. Nadhani zile simulizi za simu ndizo zilizowaandaa kumpokea. Ada ya kundi bado nalipa, ya kwangu na ya kwake.

Sasa anayerekodi ni yeye. Sauti ya mfalme anaiweza kuliko mimi. Kitabu cha baba kinazunguka nyumba kwa nyumba, kimeshapoteza karatasi yake ya kaki. Wiki iliyopita kilirudi kutoka kwa msichana wa nne, nikakuta pembeni mwa ukurasa mmoja pameandikwa kwa penseli, herufi kubwa zilizokandamizwa: JAMANI WAMEMFUNGA TENA.

Ufutio ninao kwenye droo ya cherehani. Nikakipanguza vumbi, nikampa msichana wa tano.